Majani ya Nkambo

Katika mji wa Likasi mvua hukatika mwezi wa nne au wa tano, wala hairudi mpaka mwezi wa kumi. Katika miezi hiyo hewa hukauka. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ni za baridi, upepo huinua vumbi jekundu barabarani, na miguu ya watoto wanaokwenda shuleni huwa myeupe kana kwamba imepakwa majivu. Ngozi huwasha, na mtoto akijikuna hupasuka na kutoa damu. Ndipo akina mama hutoa chupa zao. Huyu hupaka mawese, yule mafuta ya kokwa za michikichi, mwingine mafuta ya duka.

Kila nyumba ina dawa yake ya ngozi, na nyingi zimetoka kwa wazee. Baadhi yake ni nzuri. Nyingine hazina kazi yo yote, na nyingine huunguza. Kwa macho, zote ni majani tu. Habari hii ni ya nyumba moja ambamo majani yalishtakiwa kwa kosa ambalo hayakulitenda.

Msichana wa darasa la tano alikaa na wazazi wake pamoja na nkambo yake, mama mzaa baba, katika mtaa ulio karibu na kiwanda cha Shituru. Mwezi wa tisa, juma la kwanza la masomo, duara mbili zilitokea juu ya mkono wake wa kushoto, karibu na kifundo. Ukingo wa kila duara uliinuka kidogo, katikati palikuwa na magamba, napo paliwasha sana usiku. Ugonjwa huo huitwa choa. Huletwa na kuvu, ndugu ya ule ukungu unaoota juu ya mkate wa zamani. Si mdudu, wala si laana ya mtu. Hupita toka mtoto huyu kwa mtoto yule kwa njia ya taulo, kitana na kofia, na hata mbwa na paka huweza kuuleta.

Nkambo aliuona, akatoka nje. Nyuma ya nyumba ulisimama mti mfupi wenye maua ya manjano yaliyopangana wima kama mishumaa ya altare. Wataalamu huuita Senna alata. Alichuma majani, akayaosha, akayatwanga, akaweka kidogo juu ya kila duara na kufunga kwa kitambaa safi. Akafanya hivyo asubuhi na jioni.

Siku tatu zikapita, na duara zikabaki pale pale. Shuleni wenzake walianza kumkwepa mtoto, wakakataa kukaa naye katika benchi moja. Msichana mkubwa wa jirani akamwambia, "Dawa ya nkambo ni ya polepole. Kamulia ndimu. Ndimu huunguza choa siku moja." Basi asubuhi yake, kabla ya kwenda shuleni, mtoto alikata ndimu mbili kwa siri, akakamua maji juu ya mkono, kisha akauinua ili ukauke upesi. Hakunawa. Siku hiyo walicheza mpira uwanjani mpaka saa sita, na jua la mwezi wa tisa katika Katanga si jua la mchezo.

Kesho yake mkono ulivimba na kuwaka kama moto. Siku ya pili malengelenge yakatoka. Baba alipoyaona hakuuliza neno. Aliingia nyuma ya nyumba na panga, akaukata mti wa nkambo mpaka kisiki. Mtoto alisikia kila pigo la panga, lakini hakufungua kinywa.

Walikwenda dispansari watu watatu. Mwuguzi akauliza, "Ni nani aliyempaka mtoto dawa?"

Baba akajibu haraka, "Ni mama yangu, na majani yake hayo. Mti wenyewe nimekwisha kuukata."

Nkambo alikaa kimya, mikono juu ya magoti. Mtoto naye alikaa kimya.

Mwuguzi hakumkemea mtu. Aliupeleka mkono karibu na dirisha, akautazama kwa muda. Malengelenge hayakuwa juu ya duara peke yake. Mistari miwili myembamba ilishuka kutoka kifundo mpaka kiwiko, kama njia za maji ya mvua juu ya kioo.

"Mama," akamwambia nkambo, "majani uliyawekaje?"

"Niliyatwanga, mwanangu, nikayaweka juu ya duara, nikafunga."

"Yalikuwa na maji mengi?"

"Hapana. Yalikuwa kama sombe iliyokamuliwa."

"Sombe iliyokamuliwa haitiririki," akasema mwuguzi. "Kitu kilichounguza mkono huu kilikuwa maji. Kilitiririka wakati mkono ulipoinuliwa juu." Kisha akamtazama mtoto, akangoja.

Mtoto akaanza kulia. "Ni ndimu," akasema. "Nilijipaka mwenyewe. Nkambo hakujua."

Baba akatazama sakafu.

Mwuguzi akaosha mkono kwa maji safi na sabuni laini. Hakupasua malengelenge, maana ngozi iliyo juu yake ni kifuniko kizuri kuliko bandeji yo yote. Akafunika kwa kitambaa kilichochemshwa, akawaambia warudi kila siku ya pili.

Ndimu ni tunda zuri juu ya samaki. Juu ya ngozi ni jambo lingine. Katika ganda lake na katika maji yake mna vitu ambavyo vyenyewe havina ukali mwingi, lakini vikipigwa na jua hugeuka na kuchoma. Ndiyo sababu mtu aweza kukamua ndimu jioni asipate neno, na mwenzake akamua asubuhi, akatembea juani, akaungua. Hata malengelenge yakipona, alama nyeusi yaweza kukaa majuma mengi au miezi. Kitunguu saumu huchoma pia, tena bila jua: kikipondwa na kufungwa juu ya ngozi usiku kucha, huacha kidonda. Maziwa ya mti wa mnyaa, ule ambao watu hupanda kuwa ua, yakiingia jichoni yaweza kumpofusha mtu. Na hakuna jani, jivu wala samadi inayofaa kuwekwa juu ya kitovu cha mtoto mchanga. Kwa njia hiyo pepopunda imeua watoto wengi.

Nkambo alimsindikiza mjukuu wake kila mara. Siku moja akamwuliza mwuguzi, "Basi majani yangu ni dawa au si dawa?"

Ulizo hilo ni zuri, tena ni gumu kuliko watu wanavyodhani. Wako watu wanaosema, "Wazee wametumia tangu zamani, kwa hiyo ni dawa." Wako na wengine, wenye viatu vya kung'aa, wanaosema, "Ni majani ya porini, kwa hiyo si kitu." Wote wawili hawakupima.

Habari ya ukoma yaonyesha jambo hilo. Katika Asia watu walitibu ukoma kwa mafuta ya mbegu za mti uitwao chaulmoogra kwa muda wa mamia ya miaka. Madaktari wa Ulaya nao wakayapokea, na hospitali nyingi za wakoma, za Afrika pia, zikayatumia. Mafuta yalikuwa mazito, yenye kichefuchefu. Katika mwaka 1915 msichana mmoja Mwafrika wa Marekani, Alice Ball, mwalimu wa kemia katika Hawaii, akavumbua njia ya kuyageuza yaweze kupigwa sindano. Hata hivyo wagonjwa wengi hawakupona kabisa. Tangu mwaka 1941 dawa nyingine, iliyoitwa promini, ilijaribiwa katika hospitali ya Carville huko Marekani, na vidonda vikaanza kufunga. Baada ya hapo chaulmoogra iliachwa. Umri wake mrefu haukuisaidia.

Lakini safari nyingine jani hushinda. Wamalagasi wa Bukini walikuwa na mmea mdogo utambaao mahali penye maji, wenye majani ya mviringo. Wao huuita talapetraka, na wataalamu huuita Centella asiatica. Waliuweka juu ya vidonda. Katika miaka ya 1940 Mfaransa Pierre Boiteau aliuchunguza huko huko Bukini, akaujaribu kwa vidonda vya wakoma. Kitu chenye nguvu kilitolewa katika majani na kupimwa, kikafanywa mafuta ya kupaka yanayouzwa katika maduka ya dawa mpaka leo. Katika kila bomba kipimo ni kile kile. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, maana jani la mwezi wa pili, lenye maji tele, si sawa na jani la mwezi wa nane, na ngumi ya nkambo mmoja si sawa na ngumi ya mwingine.

Je, mti wa nkambo ulipimwa? Ndiyo, kwa kiasi. Katika nchi ya Ufilipino serikali imeuweka kati ya mimea kumi ya dawa ambayo watu wanaruhusiwa kuitumia nyumbani, na kazi yake ni magonjwa ya kuvu ya ngozi, pamoja na choa. Katika India wataalamu walitangaza mwaka 1994 kwamba maji ya majani yake yaliwasaidia watu wenye mabaka ya kuvu. Kwa hiyo nkambo hakubahatisha. Ila siku tatu hazitoshi. Hata mafuta ya kuua kuvu yanayotolewa dispansarini hupakwa majuma mawili mpaka manne, tena huendelea kupakwa siku kadha baada ya duara kutoonekana. Nayo choa ya kichwani haiponi kwa kupaka tu. Mtoto hupewa vidonge.

Mwuguzi akawapa mfano mwingine. Katika mwaka 1992 wataalamu wa India waliandika kwamba waliwapaka watu 814 wenye upele dawa ya mwarobaini uliopondwa pamoja na manjano, na kati ya watu 100 watu 97 walipona katika siku 3 mpaka 15. Mtoto akasema, "Basi imekwisha, dawa ni hiyo!" Mwuguzi akacheka. "Ni wangapi walipakwa dawa nyingine, ili walinganishwe nao?" Jibu ni kwamba hawakuwapo. Pengine mwarobaini uliwaponya. Pengine walioga na kufua nguo kuliko siku zote, kwa sababu walijua wanatazamwa. Mkulima anayetaka kujua kama mbolea ni nzuri hutia mbolea mistari mitano ya mahindi na kuacha mitano mingine bila mbolea. Asipoacha hiyo mitano, atajuaje? Kwa sababu hiyo hiyo watu wa Cochrane, ambao hukusanya majaribio ya madaktari wa dunia nzima, walisema mwaka 2012 kwamba ushahidi wa mshubiri juu ya vidonda bado hautoshi. Hawakusema kwamba haufai. Walisema majaribio ni machache na si imara.

Na mshubiri wenyewe una maji ya namna mbili, jambo ambalo wauzaji wengi sokoni hawalisemi. Ndani kabisa mna ute mweupe, laini, wa kupoza. Chini ya ganda mna maji ya manjano, machungu, yanayowasha ngozi, na mtu akiyanywa humharisha vikali. Anayekata jani huliacha kwanza lisimame mpaka maji ya manjano yamalizike kutoka, ndipo hulimenya. Mbarika ni hivyo hivyo: mafuta yaliyokamuliwa vizuri hulainisha ngozi, lakini mbegu zake zina sumu kali sana, na mtoto akitafuna chache aweza kufa. Mafuta ya mwarobaini nayo, yanayovumiliwa na ngozi za watu wengi, si ya kunywesha watoto. Madaktari wa Malaysia walieleza mwaka 1981 habari za watoto wadogo walionyweshwa; waliugua vibaya ubongo na ini.

Kuna jambo moja linalowahusu watu wa Likasi kuliko watu wa miji mingine. Udongo wa Katanga una shaba na kobalti. Mimea mingine huupenda udongo huo, hasa ua dogo liitwalo Haumaniastrum katangense, ambalo wengi huliita ua la shaba. Mahali linapoota kwa wingi, wachimbuaji wa mambo ya kale wameweza kugundua tanuri ambamo wazee waliyeyusha shaba. Wataalamu waliopima mimea ya namna hiyo zamani walishangaa kukuta madini mengi sana majanini. Katika mwaka 2007 wengine walipima tena kwa uangalifu, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya madini hayo haikuwa ndani ya jani. Ilikuwa vumbi lililoshikamana nje.

Vumbi hilo hilo huanguka juu ya kila jani, hata jani la dawa. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo wao, hasa watoto. Kwa hiyo mwuguzi alimwuliza nkambo si jina la mti tu, bali pia mahali aliposimama mti. Majani ya kando ya barabara ya malori, au ya chini ya bomba la moshi, au ya ukingo wa mtaro unaotoka kiwandani, hayafai kuwekwa juu ya ngozi iliyopasuka, hata yakiwa ya mti mzuri namna gani. Ya nyuma ya nyumba huoshwa kwa maji mengi, mara mbili na tatu, na hutwangwa kila siku mapya. Majani yaliyolala ndani ya maji huoza, na viini huzaa humo.

Mama wa mtoto alikuwa na ulizo lake, akaja nalo siku ya mwisho ya kufunga mkono. Alama nyeusi ilikuwa imebaki kutoka kifundo mpaka kiwiko, naye aliogopa mtoto atachekwa. Sokoni alikuwa ameuziwa kopo dogo lenye picha ya majani na matunda. Mwuza alimwambia kwamba ni la miti shamba tupu, na kwamba litafanya ngozi ing'ae. Mwuguzi akaligeuza kopo huku na huku. Halikuwa na orodha ya vitu vilivyomo, wala jina la kiwanda.

Picha ya jani juu ya kopo si ushahidi wa kitu. Mchoraji hulipwa kuchora. Makopo mengi ya kung'arisha ngozi yamekutwa na zebaki, au hidrokinoni, au dawa kali ambazo daktari peke yake aruhusiwa kuzitoa. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu mafigo. Hidrokinoni ikipakwa miaka mingi huleta kinyume cha kile kilichotafutwa: daktari Findlay wa Afrika Kusini alieleza mwaka 1975 habari za wanawake ambao nyuso zao zilikuwa zimeharibika kwa madoa meusi ya bluu yasiyotoka. Afrika Kusini ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1990, na Ulaya ilikataza hidrokinoni katika mafuta ya urembo mwaka 2001. Makopo hayakwisha. Yalibadilisha picha tu.

"Alama itafifia yenyewe," mwuguzi akamwambia mama. "Mfunike mkono kwa shati lenye mikono mirefu, asipigwe na jua, na umpake mafuta yako ya kila siku. Kopo hili usimpe hata jirani."

Kisha nkambo akauliza neno la mwisho. Ajuaje kama dawa itamdhuru mtoto kabla haijamdhuru? Mwuguzi akamwonyesha sehemu laini ya ndani ya kiwiko. Hapo huwekwa dawa kidogo, kiasi cha ukucha, na kuachwa siku mbili. Pakivimba au pakiwasha, dawa hiyo si ya mtu huyo, hata kama imewafaa watu mia. Juu ya kidonda wazi, jichoni, na juu ya mtoto mchanga, isijaribiwe kabisa. Na duara isipopungua katika juma mbili, au ikitoa usaha, au mtoto akipata homa, safari ni ya dispansari.

"Basi nitajaribu juu ya mkono wangu kwanza," akasema nkambo, "maana mimi ni mzee, sina shule ya kwenda." Lakini mara akakumbuka kwamba mti haupo.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, katikati ya mwezi wa kumi. Juma lililofuata mtoto aliingia nyuma ya nyumba kutupa maji, akakuta kisiki kimetoa machipukizi mawili. Akamwita baba yake. Baba aliinama, akayatazama kwa muda mrefu bila kusema. Jioni, alipotoka kazini, alileta matofali manane, akayapanga kuzunguka kisiki ili mbuzi wa jirani wasifike.

MAULIZO

1. Mwuguzi alijuaje kwamba si majani yaliyouunguza mkono?
2. Kwa nini ndimu haikumchoma mtu aliyejipaka jioni?
3. Watu 814 wa India walipakwa dawa. Ni kitu gani kilikosekana katika jaribio hilo?
4. Uliza nyumbani kwenu ni majani gani hupakwa juu ya ngozi, na kwa ugonjwa gani. Andika mahali yanapochumwa.